Namna ya Kubishana Mtandaoni kwa Hoja: Teknolojia, Historia na Habari za Siku

Chukua mabishano yoyote yaliyofikia majibu mia moja, uyasome tangu mwanzo ukiwa na swali moja tu: watu hawa wanatofautiana kuhusu nini hasa? Mara nyingi utafika mwisho bila kupata jibu. Mmoja alikuwa akizungumzia tarehe, mwingine maana ya neno, na wa tatu alikuwa na uchungu juu ya jambo ambalo hakulitaja kabisa. Mwongozo huu ni wa mtu anayependa kujadili teknolojia, historia na mambo yanayoendelea duniani, na ambaye angetaka mjadala umwache, yeye pamoja na wanaomsoma, wakijua jambo ambalo hawakulijua kabla. Kazi kubwa kuliko zote katika mjadala wa namna hiyo ni kuipata ile nukta ya tofauti kabla ya kuandika jibu, na sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo inahusu namna ya kuipata.

Tambua ni swali la aina gani

Maswali yanayozua ubishi ni ya aina tatu. Lipo swali la maana ya maneno, lipo swali la jambo lililotokea au lisilotokea, na lipo swali la kipi ni bora au ni haki. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine. Swali la maana halimalizwi kwa takwimu, wala swali la haki halimalizwi kwa kamusi.

Anza na maana, kwa sababu hapo ndipo saa nyingi za watu hupotea. Ubishi kuhusu nani aliyebuni intaneti ni mfano ulio wazi. Mmoja husema ni Tim Berners-Lee, mwingine husema ni Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na wote wawili huleta viungo vya kuaminika. Wanazungumzia vitu viwili. Intaneti ni muungano wa mitandao ya kompyuta, na chimbuko lake ni ARPANET, mradi uliogharimiwa na wizara hiyo, ambao ulipitisha ujumbe wake wa kwanza tarehe 29 Oktoba 1969 kutoka chuo kikuu cha UCLA kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford. Wavuti ni mfumo wa kurasa na viungo unaosafiri juu ya intaneti, na huo ndio aliopendekeza Berners-Lee mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia. Hata baada ya kutenganisha hivyo viwili, tofauti inaweza kubaki, kwa kuwa itifaki za TCP/IP, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata kupelekeana data, zilizosanifiwa na Vinton Cerf na Robert Kahn zilianza kutumika rasmi katika ARPANET tarehe 1 Januari 1983, na mtu anayeihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa intaneti ana sababu nzuri. Lakini kuanzia hapo mnajadili jambo lililo wazi, yaani ni sifa ipi inayoufanya mtandao ustahili kuitwa intaneti, na mjadala huo una faida.

Ubishi wa diski hufanana na huo. Mtu hununua diski iliyoandikwa terabaiti 1, akaichomeka kwenye kompyuta yenye Windows, akaonyeshwa gigabaiti 931, akaamini kwamba amepunjwa. Mtengenezaji amehesabu baiti trilioni moja kwa vizio vya 1,000. Mfumo endeshi umegawa idadi ileile ya baiti kwa 1,024 mara tatu, na jibu la hesabu hiyo ni 931 na kitu. Hakuna baiti iliyopotea. Mtu anayeeleza jambo hili kwa sentensi mbili humsaidia mwenzake kuliko anayeandika aya tano za kuwatetea watengenezaji au kuwalaani.

Katika historia, maneno kama «kuanguka», «kwanza» na «mvumbuzi» ndiyo yenye mitego mikubwa. Dola ya Rumi ilianguka mwaka 476 ikiwa unamaanisha kuondolewa kwa mtawala wa mwisho wa magharibi. Ilianguka mwaka 1453 ikiwa unauhesabu utawala wa mashariki, wa Konstantinopoli, kuwa mwendelezo wake halali, na wenyeji wa mji ule walijiita Warumi hadi mwisho. Nimewahi pia kusoma mabishano marefu kuhusu siku ya Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, mmoja akishikilia tarehe 25 Oktoba 1917 na mwenzake tarehe 7 Novemba, kila mmoja akimwita mwingine mwongo. Siku hiyo ni moja. Urusi ilikuwa bado ikifuata kalenda ya Julian, iliyokuwa nyuma kwa siku 13, na ilihamia kalenda ya Gregori mwaka 1918. Swali moja la adabu, «unafuata kalenda ipi?», lingetosha kuyamaliza mabishano yote.

Kwa hiyo, mwenzako anapotamka jambo linaloonekana haliwezekani kabisa, usianze kulipinga. Uliza kwanza: «Ukisema hivi, unamaanisha hili au lile?» Mpe maana mbili za kuchagua, kwa sababu swali la wazi mno, kama «unamaanisha nini?», husomwa mtandaoni kama dharau. Kisha eleza msimamo wake kwa maneno yako mwenyewe, hadi yeye akubali kwamba ndivyo alivyokusudia. Anatol Rapoport, mwanahisabati aliyeshughulikia sana jinsi migogoro inavyokua na kutatuliwa, alishauri kila upande utimize sharti hilo kabla ya kutoa hoja zake. Ni sharti gumu. Ukilijaribu mara tatu utagundua kwamba karibu kila mara kuna kitu ulikuwa umemsingizia mwenzako.

Jambo lililotokea: anza na tarehe

Mkishakubaliana kwamba tofauti yenu ni ya ukweli wa jambo, ni wakati wa kutafuta ushahidi, na ushahidi mwepesi kuliko wote kukagua ni tarehe. Madai mengi ya uongo huvunjika mara tu unapoyapanga matukio kwa mfuatano wake.

Tazama hadithi inayopendwa sana kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro, na kwamba ndiyo sababu mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale mlimani. Hadithi ni tamu, na mpaka kweli umepinda. Lakini mstari unaouacha mlima upande wa Ujerumani ulikubaliwa katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na Wilhelm hakuwa Kaiser hadi Juni 1888. Mwaka ule wa mapatano aliyekuwa kwenye kiti cha enzi ni babu yake mzaa baba, Wilhelm wa Kwanza. Hukuhitaji maktaba nzima kuipima hadithi hii. Ulihitaji tarehe mbili zilizowekwa bega kwa bega.

Unapokanusha, taja pia sehemu iliyo kweli. Mtu anayesema kwamba Mkutano wa Berlin ndio uliochora mipaka yote ya Afrika amekosea, kwa kuwa mkutano huo ulioanza Novemba 1884 na kumalizika Februari 1885 ulishughulikia zaidi biashara katika bonde la Kongo, uhuru wa vyombo kupita katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ya kudai maeneo ya pwani, na mipaka mingi ikachorwa baadaye kwa mapatano ya mataifa mawili mawili. Hata hivyo, anachokusudia mtu huyo, kwamba mataifa ya Ulaya yaligawana bara bila kuwauliza wenyewe, ni sahihi kabisa. Ukiyakanusha yote kwa pamoja kwa sababu ya kosa moja la tarehe, utakuwa umesahihisha kidogo na kupotosha zaidi, na mwenzako atakuwa na haki ya kukasirika.

Nukuu zinahitaji tahadhari ya pekee. Maneno maarufu ya kutetea hadi kufa haki ya mtu kusema hata yale usiyokubaliana nayo huwekwa kila siku chini ya picha ya Voltaire, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1778. Yaliandikwa na Evelyn Beatrice Hall katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1906, akieleza kwa maneno yake mwenyewe jinsi alivyouelewa mtazamo wa Voltaire. Kanuni yangu ni kutokuamini nukuu yoyote isiyotaja mahali na mwaka iliposemwa, hasa ikiwa inapendeza mno na inafanana na lugha ya siku zetu.

Vivyo hivyo, rudi kwenye chanzo chenyewe kabla ya kubishana juu ya kile watu wanachosema kuhusu chanzo. Wengi hujadili kama «sheria ya Moore» imekufa huku wakiamini kwamba inahusu kasi ya kompyuta kuongezeka maradufu. Gordon Moore, mwaka 1965, alizungumzia idadi ya vijenzi vinavyoweza kuwekwa kwa gharama nafuu kwenye kipande kimoja cha silikoni, akakadiria kwamba ingeongezeka maradufu kila mwaka; mwaka 1975 alirekebisha makadirio hayo yakawa kila miaka miwili. Hilo lilikuwa tazamio la mhandisi kuhusu sekta yake, na anayelijua hilo hubishana tofauti kabisa na anayedhani ni sheria ya maumbile.

Methali yetu isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ina hekima yake katika maisha ya watu wanaofahamiana, lakini haifai hata kidogo kuwa kipimo cha ushahidi mtandaoni. Kurasa ishirini zinazorudia dai moja kwa maneno yaleyale ni chanzo kimoja kilichonakiliwa mara ishirini. Fuatilia viungo hadi uone vinakoishia. Ikiwa ukurasa umebadilishwa au umefutwa, weka anwani yake katika Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za zamani za kurasa, uone ulivyosomeka hapo awali. Picha ya skrini isiyokuwa na kiungo ihesabu kuwa tetesi, hata kama imeletwa na mtu unayemwamini, kwa sababu kubadilisha maandishi ya ukurasa kabla ya kuupiga picha ni kazi ya dakika moja.

Siku hizi liko jambo jingine linalonitia hofu kuliko yote hayo, nalo ni majibu ya akili mnemba yanayobandikwa kama ushahidi. Programu hizi huandika kwa ufasaha uleule zinapokuwa sahihi na zinapobuni. Mwezi Juni 2023, mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili walionukuu kama marejeo kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT pamoja na majina na namba za marejeo. Ikiwa watu ambao riziki yao inategemea usahihi wa marejeo waliteleza hivyo, basi nasi tunapaswa kuwa waangalifu zaidi. Itumie programu kukuonyesha pa kutafuta, kisha ulete kile ulichokisoma kwa macho yako.

Habari za siku

Habari zinazotokea sasa hivi ni ngumu kujadili kuliko historia kwa sababu ukweli wake bado unakusanywa. Saa chache za mwanzo huwa zimejaa idadi zisizo kamili, majina yasiyothibitishwa na picha za mahali pengine. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani, makadirio ya waliouawa au kupotea yalipita 6,000 katika majuma ya mwanzo, kwa kuwa majina ya watu walewale yaliripotiwa katika orodha zaidi ya moja. Idadi iliyothibitishwa baadaye ni 2,977, bila kuwahesabu watekaji 19. Waliotaja idadi kubwa hawakuwa waongo. Walikuwa mapema mno. Kwa hiyo unapotaja idadi ya jambo ambalo bado linaendelea, andika ni ya saa ngapi na imetolewa na nani, na ukiona mtu ametoa idadi tofauti na yako, linganisha kwanza saa hizo kabla ya kumshutumu.

Picha nazo zina desturi ya kurudi. Ile ya samaki papa anayeogelea kwenye barabara iliyofurika maji ilisambaa wakati wa kimbunga Irene mwaka 2011, ikasambaa tena wakati wa kimbunga Harvey mwaka 2017, na ilikuwa picha ya kughushi mara zote mbili. Kabla ya kuijadili picha, ipeleke kwenye tovuti ya TinEye au sehemu ya Google ya kutafuta kwa picha, utafute mara ya kwanza ilipoonekana. Ikiwa ilikuwapo mtandaoni miaka mitatu kabla ya tukio, kazi imekwisha. Ikiwa haipatikani, tazama mabango na lugha yake, upande wa barabara ambao magari yanaendeshwa, urefu wa vivuli ukilinganisha na saa inayodaiwa, na hali ya hewa iliyoripotiwa siku hiyo.

Asilimia zinastahili swali moja kila zinapotokea: asilimia ya nini? Hatari ikipanda kutoka watu 2 hadi watu 3 katika kila 10,000, kichwa cha habari kinaweza kusema kwa haki kwamba imeongezeka kwa asilimia 50, na msomaji akaogopa bure. Kuna pia mkanganyiko wa vipimo vya aina tofauti. Mwezi Oktoba 2015, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la 1, ambamo tumbaku pia imo, na mara moja watu wakaanza kubishana kama soseji ni hatari sawa na sigara. Kundi hilo hueleza jinsi ushahidi ulivyo thabiti kwamba kitu husababisha saratani; halielezi ukubwa wa hatari yenyewe, na kwa ukubwa wa hatari tumbaku iko mbali sana.

Maswali ya haki na ubora nitayapitia kwa kifupi, kwa sababu hayana njia ya mkato. Iwapo serikali iidhibiti akili mnemba kwa sheria kali au iiachie soko, iwapo sanamu ya mtawala wa zamani iondolewe au ibaki: hapa watu wawili wanaweza kukubaliana kuhusu kila tukio na bado wakatofautiana, kwa sababu mmoja anathamini zaidi usalama na mwingine uhuru. Kinachowezekana ni kila mmoja kutaja waziwazi anathamini nini na yuko tayari kupoteza nini kwa ajili yake. Ukifikia hapo umefika mbali, na si lazima mtu ashinde.

Kuandika jibu lenyewe

Jibu dai moja. Alberto Brandolini, mtayarishaji programu wa Italia, alitamka mwaka 2013 kwamba nguvu zinazohitajika kukanusha upuuzi ni nyingi mara kumi hivi kuliko zinazohitajika kuuzalisha, na mtu akikurushia madai kumi kwa aya moja hutaweza kuyajibu yote bila kuchoka na kuwachosha wasomaji. Chagua lile ambalo mengine yanaliegemea, linukuu kama lilivyoandikwa bila kulipunguza, eleza kosa liko wapi, weka kiungo, na utaje ukurasa au aya ambamo msomaji atakuta unachokisema. Kumpa mtu kiungo cha ripoti ya kurasa 200 bila kumwonyesha pa kusoma ni kumtupia mzigo wako.

Mwandikie msomaji aliye kimya. Kwa kila mtu anayebishana wapo wengi wanaosoma bila kuandika neno, na hao hawajajifunga na upande wowote hadharani, hivyo ni rahisi kwao kubadili mawazo. Hili pia ndilo linalonifanya niamini kwamba kazi hii ina thamani. Mwaka 2010 Brendan Nyhan na Jason Reifler walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba katika baadhi ya mada, kusahihishwa kuliwafanya watu washikilie kosa lao zaidi, na wengi wakahitimisha kwamba kusahihisha ni kupoteza wakati. Thomas Wood na Ethan Porter walijaribu jambo hilo kwa mada nyingi zaidi na washiriki wengi zaidi, na hawakuyakuta matokeo hayo kuwa ya kawaida; kwa jumla watu waliosahihishwa walisogea kuelekea ukweli. Walisogea kidogo, na wengi hawakubadili upande wao wa kisiasa, lakini walisogea.

Kwa sababu hiyo sioni faida ya matusi, hata yaliyofichwa ndani ya lugha ya adabu. Sentensi inayoanza kwa «mtu yeyote mwenye akili anajua» humfukuza yule msomaji uliyekuwa unamhitaji, kwani huenda yeye hakuwa anajua. Jina la mwenzako, tahajia yake, umri wa akaunti yake na kundi unalodhani ni lake si sehemu ya hoja. Isipokuwa jambo moja: ikiwa ana maslahi ya kifedha katika kile anachokitetea, taja hilo mara moja kwa uwazi, kisha urudi kwenye dai lenyewe.

Ukigundua kwamba umekosea, usifute. Acha ulichoandika mahali pake, ongeza juu yake mstari unaosema ni sehemu ipi iliyokuwa na kosa na jibu sahihi ni lipi, na umtaje aliyekuonyesha. Anayefuta huwaacha waliokwisha kusoma wakiwa na kosa lake, na majibu ya wenzake yanabaki yakining'inia bila kitu yanachokijibu.

Na kama mmezunguka dai lilelile mara tatu bila ushahidi mpya kutoka upande wowote, andika ujumbe wa mwisho wenye mambo mawili: jambo ambalo mmekubaliana, na swali lililobaki pamoja na ushahidi ambao, ukipatikana, ungelimaliza. Zima arifa za mjadala huo. Anayeusoma mwaka ujao ataanzia hapo mlipofika, bila kulazimika kuyapitia majibu yote mia moja.